Kombe Lililokataliwa



Injili ya leo yatuonyesha mchungaji anayewaacha kondoo 99 nyikani, akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Kwa hesabu ya sokoni, mchungaji huyo anapata hasara. Kwa hesabu ya Mungu, ndiye mchungaji wa kweli.

Huko Marekani aliishi mwalimu wa mpira wa kikapu aitwaye John Wooden, aliyefariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 99. Akifundisha Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliwaongoza vijana wake kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu mara 10, kati ya mwaka 1964 na 1975. Wakati fulani walishinda michezo 88 mfululizo. Lakini leo napenda kuwasimulia habari za kombe ambalo alikataa kulifuata.

Mwaka 1947 Wooden alikuwa bado hajavuma, akifundisha katika chuo cha ualimu jimboni Indiana. Timu yake ilialikwa kwenye mashindano ya taifa mjini Kansas City, kwa sharti moja: wachezaji Weusi hawaruhusiwi. Kikosini alikuwamo kijana mmoja Mweusi, Clarence Walker, wala hakuwa nyota wa timu. Ingekuwa rahisi kumwambia, "Mwanangu, vumilia, safari hii baki nyumbani." Wooden aliukataa mwaliko, na timu nzima ikabaki. Mwaka uliofuata sharti hilo liliondolewa. Walker akaenda pamoja na wenzake, akawa Mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano hayo. Walifika fainali, wakashindwa. Hata hivyo, mlango ulikwisha funguliwa.

Ndugu zangu, sisi nasi tunayo makombe yetu. Kwaya ikijiandaa kwa mashindano, mama aliyeiimbia miaka mingi huambiwa akae kando. Mtoto wa maskini hukosa Komunyo ya Kwanza pamoja na wenzake kwa sababu ya nguo nyeupe. Nasi twajifariji tukisema, "Ni mmoja tu." Mbele ya Mungu hakuna aliye "mmoja tu".

Nanyi makatekista, juma hili, kabla ya kuwahesabu waliofika darasani, mtajeni kwa jina yule asiyefika, kisha mwendeeni nyumbani kwake.

Awabariki Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.