Kuhuisha Kituo cha Biashara cha Isongole: Nafasi ya Mawazo ya Wakazi Baada ya Lami

Mada hii inahusu kituo cha biashara cha Isongole, wilayani Ileje, katika Mkoa wa Songwe, na inauliza swali moja: kati ya mawazo ambayo wakazi wa vituo vidogo vya mpakani huyatoa wanapotakiwa kueleza namna ya kurudisha uhai wa maduka yao, yapi yanalingana na mahali penyewe, na yapi yameazimwa Tunduma bila kupimwa. Kituo cha biashara hapa ni ile sehemu ya makazi ambamo fremu za maduka, mashine za kusaga, magenge, mama lishe, mawakala wa fedha za simu na maegesho ya bodaboda vimekusanyika, hivi kwamba mtu aliyekuja kwa shida moja anaondoka amemaliza tatu. Kuhuisha si sawa na kujenga upya, ingawa mambo haya mawili huchanganywa sana katika vikao. Maana yake ni kuongeza idadi ya watu wanaosimama, wanaonunua na wanaorudi tena.

Isongole ni kata ya mpakani. Ng'ambo yake ni Wilaya ya Chitipa nchini Malawi, na Walambya na Wandali wanaishi pande zote mbili, wanasikilizana kwa lugha zao, wanaoana na kuzikana. Makao makuu ya Wilaya ya Ileje, Itumba, yako jirani, ilhali makao makuu ya mkoa, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, yako mbali kidogo, Vwawa. Lakini kwa mfanyabiashara wa Isongole, mji wenye uzito mkubwa zaidi kuliko hiyo yote ni Tunduma, uliokaa juu ya barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA, na ambao tangu Oktoba 2019 una kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde ya Zambia, yaani kituo ambacho maofisa wa nchi mbili humhudumia msafiri mahali pamoja badala ya kumsimamisha mara mbili. Kutoka Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, hadi Isongole ni kiasi cha kilomita 50, na njia hiyo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, sasa ina lami.

Lami hiyo ndiyo kiini cha suala, na ili kuliona sawasawa inafaa kurejea kazi ya mwanajiografia Mjerumani Walter Christaller, ambaye mwaka 1933 alichapisha utafiti wake juu ya mpangilio wa miji ya kusini mwa Ujerumani. Christaller alitumia dhana mbili. Ya kwanza ni kizingiti, yaani idadi ndogo kabisa ya wateja ambayo bila hiyo biashara fulani haiwezi kujiendesha. Ya pili ni masafa, yaani umbali wa mwisho ambao mteja yuko tayari kusafiri kwa ajili ya bidhaa fulani. Chumvi, sabuni, vocha na nyanya vina kizingiti kidogo na masafa mafupi, kwa kuwa hakuna anayepanda gari kufuata chumvi. Godoro, bati, simu, vipuri vya pikipiki na sare za shule vina kizingiti kikubwa, na mnunuzi yuko radhi kuvifuata mbali ili achague na apate nafuu ya bei. Barabara mbovu hukinga duka dogo, kwa sababu nauli, muda na tope vinaongezwa juu ya bei ya Tunduma, na duka la karibu linaweza kuuza bati kwa bei ya juu bila kumpoteza mteja. Barabara ikiwa nzuri, kinga hiyo inaondoka. Lori linaloleta bati Isongole kwa urahisi linapita njia ileile ambayo gari dogo la abiria linampelekea mnunuzi wa bati Tunduma, asubuhi aende na mchana awe amerudi.

Hii ina maana kwamba fremu inayofungwa baada ya lami haifungwi kwa uvivu wa mwenyewe, kama inavyodaiwa wakati mwingine katika hotuba za uhamasishaji, na pia kwamba haitafunguliwa tena kwa mafunzo ya ujasiriamali ya siku mbili. Bidhaa zenye masafa marefu zimekwenda Tunduma na nyingi hazitarudi. Lililobaki ni kuuliza ni mahitaji gani yanayoweza kukidhiwa Isongole tu, au yanayokidhiwa Isongole kwa ubora zaidi, na kuyapima mawazo ya wakazi kwa kipimo hicho.

Wazo linalotolewa mapema katika vikao vya aina hii ni kuifanya Isongole "Tunduma ndogo": maegesho makubwa ya malori, nyumba za kulala wageni na baa pembeni ya lami. Wazo hili linasahau chanzo cha biashara ya Tunduma, ambacho ni foleni. Tunduma imekua kwa miaka mingi juu ya mgongo wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Dereva anayesubiri anakula, analala, anaoga, anabadilisha fedha na kununua zawadi za nyumbani. Vituo vya pamoja vya forodha vimebuniwa kwa lengo la kupunguza kusubiri huko, kwa hiyo hata Tunduma yenyewe italazimika siku moja kujiuliza itakula nini foleni ikifupika, kwani lori lisilosubiri halinunui wali. Isongole haina foleni ya kiwango hicho na haina sababu ya kuitamani. Wateja wake ni wa namna nyingine: wavukaji wa mpaka kwa miguu, baiskeli na pikipiki wenye mzigo mdogo, wakulima wa milimani, ambao fedha zao za kahawa na mahindi huja kwa msimu, na watumishi wa umma wa Itumba, ambao ni wachache lakini mshahara wao hauangalii mvua.

Wazo la pili, linalopendwa na viongozi kama linavyopendwa na wakazi, ni soko la kisasa, yaani jengo la matofali lenye paa moja, vizimba vilivyopigwa namba na geti. Uzoefu wa nchi unatoa tahadhari. Machinga Complex ya Dar es Salaam ilikamilika mwaka 2010 ili kuwahamishia maelfu ya wafanyabiashara wadogo, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vyake ilibaki mitupu, kwa kuwa wateja hawakupanda ghorofani kufuata bidhaa walizoweza kuzipata kando ya njia. Mbeya nako, jengo lililochukua nafasi ya soko la Mwanjelwa lililoungua mwaka 2006 lilizua manung'uniko ya muda mrefu kuhusu kodi ya pango. Kasoro katika hali hizo haikuwa saruji. Jengo huongeza gharama ya kila mwezi kabla ya kuongeza mteja hata mmoja, na katika kituo chenye kizingiti kidogo gharama hiyo peke yake inatosha kumrudisha muuza nyanya barabarani, ambako atafukuzwa na mgambo, kisha kikao kingine kitaitishwa kujadili kwa nini soko ni tupu.

Mawazo yenye uzito zaidi ni yale yanayohusu gulio, ingawa kwa kawaida huelezwa kwa aibu kidogo, kana kwamba gulio ni jambo la kizamani. Gulio ni soko la siku maalumu ya wiki, na mantiki yake ni ya kiuchumi kabisa: mahali ambapo wateja wa siku moja hawatoshi kufikia kizingiti, wateja wa siku saba wanakusanywa katika siku moja, na mfanyabiashara anazunguka kutoka gulio hadi gulio badala ya kukaa dukani akisubiri. Siku hiyo turubai moja chini lina mitumba iliyopangwa kwa bei, jingine lina maharage yanayopimwa kwa sado na debe, pembeni kuna majembe, viatu vya plastiki, dawa za mifugo na ndoo. Muuza godoro ambaye hawezi kulipa pango la mwezi mzima anaweza kulipa ushuru wa siku moja. Mwenye fremu naye, ambaye mara nyingi huliona gulio kuwa adui, ndiye anayefaidika na umati ambao yeye peke yake hawezi kuuita.

Gulio la mpakani lina masharti yake. Siku yake isigongane na ya majirani, ikiwemo minada ya mifugo, na ilingane na saa za kazi za maofisa wa forodha na uhamiaji, kwa sababu mama anayevuka na kuku wanne akikuta dawati limefungwa atafuata njia ya panya, na akizoea njia ya panya hatapita tena katikati ya kituo. Ushuru nao unahitaji kuelezwa hadharani. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao umepunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine amesamehewa. Mkulima asiyejua hilo hushusha mzigo wake kabla ya kizuizi au haleti kabisa. Ubao wenye viwango hivyo kwa maandishi makubwa ni kazi ya fundi rangi wa siku moja.

Ugumu mkubwa zaidi uko nje ya uwezo wa kata. Tanzania ilijiondoa COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, wakati Malawi ni mwanachama wake, hivyo utaratibu rahisi ambao COMESA imewawekea wafanyabiashara wadogo wa mpakani hauwahusu wanaovuka hapa. Kinachowaunganisha ni eneo huru la biashara la SADC lililozinduliwa mwaka 2008, ambalo nyaraka zake zinamfaa zaidi mwenye kontena kuliko mwenye tenga. Sera nazo hubadilika ghafla. Machi 2025 Malawi ilizuia uingizaji wa bidhaa kadhaa, zikiwemo unga, mchele, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, na zuio hilo likaondolewa siku chache baadaye. Majuma machache kama hayo yanatosha kuharibu gulio lililochukua miaka miwili kuzoeleka. Fedha pia ni tatizo: Novemba 2023 thamani ya kwacha ya Malawi ilishushwa kiasi cha kuipandisha bei ya dola kwa asilimia 44, na kanuni za Tanzania za Machi 2025 zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni nchini, kwa hiyo mwenye duka anayepokea kwacha kaunta anabeba hasara na kosa kwa pamoja. Wazo la wakazi la kutaka duka la kubadilishia fedha lenye leseni karibu na mpaka, badala ya vijana wenye maburungutu mkononi, linastahili kupelekwa Benki Kuu kwa maandishi, kwani hiyo ndiyo huduma ambayo mvukaji anaihitaji Isongole kabla ya kufika Tunduma.

Kuhusu mpangilio wa eneo, jambo moja linatawala mengine. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na wakazi wa vituo vilivyopitiwa na lami wanazijua vyema alama za X zinazochorwa ukutani, nyekundu kwa anayetakiwa kubomoa bila fidia na ya kijani kwa anayestahili kulipwa. Mwenye kibanda asiyejua mstari umepita wapi hajengi kwa tofali. Anasimamisha mabanzi na bati kuukuu, na sura ya kituo kizima inabaki ya muda. Vigingi vya hifadhi vinavyoonekana, na mstari wa pili wa fremu unaoangalia uwanja wa gulio badala ya kuangalia magari yanayopita kwa kasi, vingefanya kazi zaidi ya kampeni yoyote ya kupaka rangi.

Taa za sola, maji na choo safi vinahitajika, na hakuna anayebisha. Choo tu kiongezewe neno: mwanamke aliyetembea tangu alfajiri na mzigo kichwani atakaa sokoni saa nyingi au chache kwa kutegemea kama kipo.

Njia rasmi za kuyapitisha mawazo haya zipo. Mkutano wa kijiji hukutanisha watu wazima wote, upangaji shirikishi unaojulikana kama Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo huwataka wakazi waorodheshe vipaumbele vyao, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvichambua, na halmashauri huamua. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na inaweza kuelekezwa kwa vikundi vya gulio.

Udhaifu uko kwa aliyekosekana mkutanoni. Wanaosema zaidi katika mikutano hiyo ni wenye fremu, nao wanaeleza kwa uaminifu shida ya muuzaji. Mteja wa Chitipa hana kadi ya mpiga kura hapa, na mama wa mlimani yuko shambani. Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba kabla ya mkutano wowote wa kupitisha mpango, maofisa wa kata wasimame siku ya soko kwenye njia ya kutokea, wamwombe kila anayeondoka aonyeshe alichonunua, na wamuulize maswali matatu tu: ametoka wapi, ni kitu gani alikikosa, na hicho alichokikosa atakifuata wapi. Majibu hayo yasomwe kwanza mkutanoni, kabla wenye fremu hawajapewa nafasi ya kuzungumza.