Motokari gani inatufaa? Maneno ya timu ya tereni mbele ya mkutano mkuu, Kolwezi



Komite imetuomba, sisi watu wa kazi ya tereni, tuseme neno juu ya motokari. Tunajua hii mambo imekuwa moto. Mikutano 3 imepita na watu wanaachana bila kupatana. Kuko wanaosema Land Cruiser, kuko wanaosema Hilux, na kuko vijana wengi, pamoja na ndugu zetu wanaoishi Marekani, wanaosema tuletewe pikapu kubwa ya kule, Ford F-150 ao Ram, motokari ya heshima. Sisi hatupigi kura. Lakini ile njia ya Mutshatsha tunaitembea kila juma, mvua na jua, kwa hiyo tutawaambia vile tunavyoona, kisha mtakata neno ninyi wenyewe.

Kwanza tukumbuke motokari ni ya kazi gani. Wengi kati yenu mlirudi kutoka Zambia, kutoka Meheba, ile kambi iliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na Solwezi. Kule mulilima, na huku mumeendelea kulima. Wengine ni watoto wa wale waliokimbilia Angola wakati wa vita vya 1977 na 1978. Mashamba tuliyopewa na mashefu hayako kando ya lami, yako ndani, mbali na Kolwezi. Msimu uliopita mumeona wenyewe: mahindi yalikauka vizuri, magunia yakajaa, lakini hakuna wa kuyabeba. Akaja mchuuzi na kamio yake, akataja bei yake, na watu wakakubali juu ya mvua ilikuwa karibu. Jasho la miezi 6 liliuzwa kwa dakika 10. Tena mnawajua wamama waliobebwa kwenye kinga usiku mpaka kituo cha afya. Kwa hiyo motokari iko na kazi 3: kutoa mavuno, kupeleka wagonjwa, na kusindikiza marehemu. Kila pikapu tuipime kwa hizo kazi 3, tusiipime kwa kung'aa.

Sasa tuseme juu ya pikapu kubwa za Marekani, na tuseme kwa heshima, juu si motokari mbaya. Ford walianza kutengeneza aina ya F mwaka 1948, na tangu 1977 hakuna pikapu inayouzwa kuipita kule kwao. Chevrolet Silverado na Ram wanaikimbiza. Wamarekani wanabishana juu ya hizo 3 sawa vile sisi tunabishana juu ya timu za mpira, na baba anarithisha mtoto upande wake. F-150 ya leo ikivuta trela inaweza kukokota zaidi ya tani 5. Kama kazi yetu ingekuwa kuvuta mashua ao ngombe kwenye lami pana, tungesema iletwe kesho.

Lakini angalieni vipimo. F-150 iko na upana wa kama mita 2 bila kuhesabu vioo vya kando. Ile ya milango 4 iko karibu na mita 6 kwa urefu. Land Cruiser 79 ya kabini moja iko kama mita 1.8 kwa upana na mita 5 na kidogo kwa urefu. Mtu atasema, sentimita 20 ni nini? Wale tuliopita nao madaraja ya magogo wanajua sentimita 20 ni nini. Ni mpira kukaa juu ya gogo ao kukaa juu ya hewa.

Jambo la kushangaza liko kule nyuma. Pikapu kubwa ya milango 4, ile vijana wanaionyesha kwenye simu, mara nyingi karoseri yake ni kama mita 1.7 tu. Ukubwa wote umekwenda kwenye kabini, kwenye viti vya ngozi. Kuko zenye karoseri ya mita 2.4, lakini hizo ni za kazi na hazionekani sana kwenye zile picha. Hilux ya milango 4 nayo karoseri yake ni kama mita 1.5. Wandugu, mtu mzima akilala, ni mita ngapi? Jeneza ni mita ngapi? Ile 79 ya kabini moja karoseri yake inapita mita 2. Mgonjwa analala na mlango wa nyuma unafungwa. Inabeba karibu tani 1, maana yake magunia 20 ya kilo 50. F-150 nyingi za milango 4 zinaruhusiwa kubeba kilo 700 mpaka 900, na abiria wako ndani ya hesabu. Basi ile tunayoiita kubwa inabeba kidogo kuliko ile tunayoiita ya zamani.

Tuje kwenye mashine. Ile 79 inayouzwa Afrika iko na mashine ya mazutu inayoitwa 1HZ: silinda 6, lita 4.2, haina turbo. Pompi yake ya mazutu inafanya kazi kwa vyuma, haingojei ordinatere. Haina mbio. Ikipanda na mzigo, kamio za madini zitaipiga honi. Lakini mazutu ikiwa na maji ao vumbi kidogo, fundi anafungua filtre, anasafisha, munaendelea. Hilux za miaka hii ziko na turbo na sindano za presha kali. Zinakunywa kidogo na zinakimbia vizuri, lakini mazutu chafu inaziumiza haraka, na sindano mpya ni feza nyingi. Pikapu za Marekani nyingi ni za esansi, na zile za mazutu za sasa zinadai mazutu safi sana pamoja na AdBlue. Huku kwetu, ukipita Mutshatsha, mafuta mara nyingi ni ya madumu kando ya barabara. Hakuna anayejua yametoka wapi na yamelala siku ngapi.

Tufanye hesabu ya mafuta bila kujidanganya. Tuseme safari ya kilomita 300, kwenda na kurudi. Kama 79 inakunywa lita 14 kwa kila kilomita 100, hiyo ni lita 42. Kwenye mchanga na potopoto itazidi. Hilux itakunywa kidogo kuliko hapo, tusifiche. Lakini 79 ya kabini moja iko na tanki ya lita 130. Inatoka Kolwezi na mafuta ya kituo tunachokijua, inakwenda, inarudi, na haiombi kitu njiani. Kwetu hiyo inapita ile faida ya lita chache.

Piese na mafundi njo jambo linaloua motokari nyingi. Tembeeni Kolwezi, hesabuni. Kampuni za migodi, masu-tretans, polisi, mapadri, ONG: kila mahali ni 79. Toyota wako na nyumba nzima Gibraltar kwa kuuzia ONU na mashirika ya msaada, na Land Cruiser njo inayotoka pale kwa wingi. Ndiyo maana leseri za nyuma, diski za ambriaje, filtre na rulma vinapatikana hapa ao Lubumbashi, kilomita kama 300. Fundi wa Kasaji ambaye hakusoma ufundi shuleni anaifungua macho yamefungwa. F-150 ikivunjika kitu cha elektroniki, kwanza tutafute mtu mwenye mashine ya kuisoma, kisha tungoje piese itoke Marekani ao Dubai. Miezi 2 motokari iko chini ya muembe, kuku wanataga ndani. Na asitudanganye mtu kwa jina la Toyota Tundra. Ni Toyota, ndiyo, lakini inatengenezwa Texas kwa ajili ya Wamarekani, na piese za Hilux ao za 79 haziingii pale.

Hapa tuwaambie ndugu zetu wa Marekani neno moja, na tunajua watasoma. Mumekusanya kwa moyo safi, na moyo huo tumeupokea. Lakini kusafirisha ile motokari kwa meli, kisha kuipandisha kutoka Dar es Salaam ao Durban kupita Zambia mpaka Kasumbalesa, pamoja na dwani, ni gharama kubwa kabla haijabeba hata gunia moja. Uzeni kule, mutume feza. Jina lenu litaandikwa kwenye mlango wa 79, na litaonekana miaka mingi.

Kuko na wanaosema tununue 79 ya bei nafuu iliyotoka Zambia, usukani kuume. Tunaomba hapana. Zambia wanaendesha upande wa kushoto, sisi tunaendesha upande wa kuume. Shofere anayekaa kuume, akitaka kupita kamio ya asidi kwenye vumbi kati ya Kolwezi na Likasi, anapaswa kutoa nusu ya motokari ndani ya barabara kabla hajaona anayekuja mbele. Bei inayopungua pale tutailipa mahali pengine.

Sasa mabaya ya 79, juu kama tunasifu tu mutasema tumelipwa. Ni ghali, hata ikiwa imetumika. Viti vyake ni vigumu na mgonjwa anaruka nyuma kama mahindi kwenye kikaango. Itabidi tununue matelas na kuifunga vizuri. Wezi wanaipenda. Na kwa sababu ni ngumu, watu wanaipakia tani 2 na kusema inaweza, mpaka shasi inapasuka. Pikapu za Kichina tunazoziona mjini ni za bei ndogo, na kwa mtu anayezunguka ndani ya Manika na Dilala zinatosha. Hilux nayo, kama chama kingekuwa na kazi ya lami tu, Kolwezi, Fungurume na Likasi, tungeichagua sisi wenyewe.

Lakini tusimalize kwa aina ya motokari, juu hatari kubwa haiko pale. Kuko na neno linalozunguka chini chini: tukishapata 79, tuikodishe kwa su-tretans wa mgodi, alete dola kila mwezi. Tunaelewa. Feza ya mgodi inaonekana, na likelemba la wamama halijazi tanki. Lakini mgodi ukiikodisha, inaikodisha mwaka mzima. Mwezi wa tano mahindi yatakuwa tayari na motokari itakuwa na kofia ya mgodi. Mama atashikwa na uchungu usiku na motokari itakuwa imelala ndani ya senyenge ya kampuni. Mchuuzi wa mwaka jana atarudi na bei yake ileile, na sisi tutamsikia tu kwa simu.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Inunuliwe Land Cruiser 79 ya kabini moja, usukani kushoto, mazutu, mashine ya 1HZ, hata ikiwa imetumika, lakini kwanza fundi 2 wasiojuana waitazame chini, kila mmoja kwa siku yake. Feza yote isiishe kwenye kununua: sehemu ibaki kwa mipira, piese, asiransi na peaje ya mwaka wa kwanza. Wafadhili, tunawaomba mkubali sehemu hiyo, hata kama filtre haina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti.

Ufunguo ukae kwa mtu 2, mmoja wa komite na mmoja wa wamama. Kila safari iandikwe kwenye kaye: tarehe, kilomita za kwenda na za kurudi, lita, mzigo, mwenye mzigo, feza iliyolipwa. Mwenye mahindi alipe kwa gunia, bei moja, prezida na mjane sawa. Mgonjwa asiombwe feza kabla ya kufika. Hesabu itafuata baadaye. Mzigo usipite magunia 20, hata kama ni ya shemeji ya shofere. Na kukodisha kuruhusiwe kwa siku tu, wakati wa kipwa mashamba yakiwa yamelala, kwa kura ya mkutano, wala si kwa simu ya mtu mmoja.

Wandugu, tuliowahi kukimbia tunajua thamani ya kitu kinachoweza kutembea. Wengi wenu mlitembea kwa miguu mpaka mpaka wa Zambia, mtoto mgongoni, juu hakukuwa na kitu kingine. Motokari hii haitafuta ile safari. Lakini inaweza kufanya gunia la mwaka huu lifike sokoni Kolwezi likiwa bado lenu, na mwenyewe akataja bei akiwa amesimama pale.

Sasa neno ni lenu. Komite itasoma zile sheria moja moja, mutauliza maswali, kisha mutainua mikono. Sisi tutakaa nyuma na kuhesabu.