MIHIMILI MITATU YA DOLA: MAZUNGUMZO KWA WANANCHI WA SONGEA



Songea yajua madhara ya mamlaka yote kuwekwa mahali pamoja. Tarehe 27 Februari, 1906, mashujaa wa Majimaji walinyongwa hapa. Utawala wa Wajerumani ndio ulioamuru, ukahukumu na kutekeleza.

Ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1977 imezitenga kazi hizo. Muswada uliopitishwa na Bunge hauwi sheria mpaka Rais auridhie. Akiurudisha, haupelekwi kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Hapo ataridhia katika siku 21, ama alivunje Bunge.

Sheria iliyopita yaweza kupingwa Mahakama Kuu. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Mtikila, Mahakama hiyo iliamua kwamba raia aweza kugombea bila chama. Bunge likabadili Katiba kulizuia. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliona zuio hilo lakiuka haki.

Hivyo mwananchi anayo milango miwili: mbunge wake, kabla muswada haujapita, na mahakama, baada ya hapo.