Randa Kuukuu Ina Thamani Gani?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Vugiri)



Nimeombwa niseme machache juu ya vyombo vya useremala vilivyomo katika masanduku ya karakana yetu, ambavyo imependekezwa viuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Mimi si seremala. Kazi yangu serikalini ni kuhakiki mali, na jambo lililo mbele yetu ni la mali.

Katika daftari la shule vyombo hivi vina thamani sifuri. Daftari halikukosea, uchakavu huhesabiwa kwa miaka, na miaka yake imekwisha. Lakini daftari halifungui randa likatazama ndani.

Basi tuifungue. Toa kisu, upime kutoka kwenye makali hadi unapoanzia ufa wa kupitishia bolti. Tuseme zimebaki sentimita 3, na fundi kwa kunoa anakula milimita 3 kila mwaka. Kisu hicho kina miaka 10 ya kazi. Kigeuze sasa, utazame upande wa bapa karibu na makali. Kutu ya juu juu hutoka kwa msasa na mafuta, na kwa ukungu huu wetu wa Vugiri hakuna chuma kisichoipata. Kutu iliyokwisha kuchimba vishimo ni habari nyingine, maana makali yatamenyeka kila yanapofika kwenye kishimo. Kisha chunguza mwili wa randa, hasa kando ya mdomo. Chuma cha kalibu kikipasuka hapo, kukiunga ni kazi ngumu, na mara nyingi gharama hushinda faida. Mpini uliovunjika usiwatishe. Mbao tunazo.

Misumeno ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Mingi inayouzwa madukani leo meno yake yamekaushwa kwa moto hata tupa haiyashiki. Yakiisha, msumeno unatupwa. Msumeno wa zamani hunolewa kwa tupa ya pembetatu, mwaka hadi mwaka. Kuuza huo kwa kilo ili kesho tununue ule wa kutupwa, hesabu hiyo mimi siwezi kuitia sahihi.

Vijana wataniuliza habari za watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya vyombo vya kale. Ni kweli wapo. Randa ndogo ya Stanley namba 1, yenye urefu wa sentimita 14 hivi, huuzwa kwao kwa fedha nyingi kwa sababu ni adimu. Lakini namba 4 na namba 5, ambazo ndizo zilizoenea, zilitengenezwa kwa wingi mno; hizo thamani yake ni kazi. Tena msidanganyike na tarehe. Stanley nyingine zina maandishi “MAR-25-02” nyuma ya kisu. Hiyo ni tarehe ya hataza, 25 Machi 1902, na randa yenyewe huenda ilitoka kiwandani miaka mingi baadaye. Vivyo hivyo, mtu akikuletea randa ya chuma ya Record ya Sheffield akasema ni ya wakati wa Mjerumani, mwambie Record walianza kutengeneza randa hizo mwaka 1931.

Ninavyokadiria mimi ni hivi: chukua bei ya chombo kipya cha ubora uleule, toa gharama ya matengenezo, kisha punguza kwa kadiri ya chuma kilichokwisha kuliwa. Ikibaki chini ya bei ya chakavu, kiende kwenye mizani bila huruma. Viko vya namna hiyo masandukuni, nimeviona, na patasi mbili zimebaki mipini tu.

Ninaomba kamati isiuze kitu kabla ya masanduku yote kufunguliwa mbele ya mwalimu wa ufundi na seremala mmoja wa hapa kijijini, na kila chombo kuandikwa peke yake katika orodha. Ni kazi ya siku mbili. Karatasi nimekuja nazo.