Bomba la Mjini, Umeme wa Milimani

Msikilizaji, Ziwa Tanganyika liko chini, mitaa ya Kiriri iko mlimani. Sehemu kubwa ya maji unayokinga hapa Bujumbura huvutwa ziwani, husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu za umeme. Ndiyo maana umeme ukikatika, mara nyingi bomba nalo hukauka. Shirika la REGIDESO husimamia maji na umeme pia. Basi vipangwe pamoja, tafadhali.

Umeme wenyewe kwa sehemu kubwa unategemea mvua. Maji ya bwawa la umeme la Rwegura yakipungua, pampu huenda zikalegea. Na mvua ikizidi? Mwaka 2024 ziwa lilifurika kama miaka ya 1960: huko Gatumba watu wakapita kwa mitumbwi, mashamba karibu na mto Rusizi yakazama. Na mpunga wa tambarare hiyo ya Imbo ndio wali wa mjini!

Kwa hiyo mitambo mipya ya maji ijengwe juu ya alama ya mafuriko, iwekewe umeme wa jua wa akiba, na kingo za mto Ntahangwa zipandwe mianzi ili zisibomoke. Nawe nyumbani, elekeza maji ya paa kwenye tangi lenye kifuniko. Ya kufulia na kumwagilia lengalenga yatatoka humo. Ya kunywa, yachemshe.