Historia Ianzie Uwanjani mwa Shule

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi.



Mtoto wa Karatu huyaona kila siku magari ya wageni yakipanda kuelekea Ngorongoro. Ukimwuliza wageni hao wanakwenda kuona nini, atakujibu: wanyama. Kosa si lake. Ni letu sisi tuliomzoesha kuamini kwamba historia ni mambo yaliyotendeka kwingine, yakatendwa na watu wengine.

Ng'ambo ya kreta, huko Oldupai, tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, aliyeishi yapata miaka milioni 1.75 iliyopita. Mwaka 1978, huko Laetoli, zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea wima miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Hata jina la Oldupai, ambalo ni jina la Kimasai la mkonge-mwitu, wageni walilisikia vibaya wakaandika Olduvai, nasi tukalifundisha hivyo hivyo.

Husemwa kwamba mtoto wa darasa la pili hawezi kufahamu miaka milioni. Ni kweli, lakini unyayo anaufahamu. Tandazeni majivu uwanjani, yaloweshwe maji, watoto wapite juu yake, kisha yaachwe yakauke. Ndivyo ilivyokuwa Laetoli: jivu la volkano lilianguka, mvua ikalilowesha, likagandamana, nyayo zikabaki. Somo hili halihitaji fedha.

Wapo wanaohofu kwamba historia ya mahali itaamsha ukabila. Siidharau hofu hiyo. Itauamsha kweli ikiwa mwalimu atasimulia habari za kabila moja tu. Lakini katika wilaya hizi darasa moja laweza kuwa na Mwiraqw, ambaye lugha yake ni ya Kikushi. Mmasai na Mdatoga, ambao lugha zao ni za Kiniloti. Na Mhadzabe wa Bonde la Eyasi, ambaye lugha yake ni ya peke yake. Wote wanafundishwa kwa Kiswahili, lugha ya Kibantu. Kila mtoto na aulize nyumbani jinsi wazee walivyohifadhi chakula na kutunza maji, kisha awasimulie wenzake. Ajifunzaye kumheshimu babu wa mwenzake hatamdharau mwenzake.

Ndugu walimu, wengi wetu tumehamishiwa huku kutoka mikoa mingine. Hatuna budi kuwa wanafunzi wa wazee kabla ya kuwa walimu wa watoto. Kitabu kikiisha chaweza kuchapwa tena. Mzee aliyezikwa haulizwi tena.

Basi tusingoje waraka. Kabla ya mwezi huu kwisha, kila shule imwalike mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aketi na watoto wadogo, na wanafunzi wa madarasa ya juu waandike asemayo. Daftari hilo litakuwa kitabu cha kwanza cha historia ya mahali petu, nacho kitakuwa kimeandikwa na wenyewe.