Maji ya Moto Nyumbani: Tuhesabu Ndoo Kabla ya Kukopa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Chemchem, Tabora)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya maji ya moto. Tuliwaona wengine wakicheka waliposoma ratiba. Eti miaka kumi ya kuweka na kukopa, halafu tunahutubiwa maji ya kuoga! Lakini jamani, jambo hili limo ndani ya daftari letu la mikopo, na limetuumiza.

Kipupwe cha Tabora mnakijua. Mji wetu uko juu, kama meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai hazina huruma. Bibi wa miaka sabini huwezi kumwogesha maji ya mtungini. Mama aliyejifungua lazima akandwe. Mtaa wetu unaitwa Chemchem, lakini chemchemi ya maji ya moto Mungu hakutujalia. Kwa hiyo maji ya moto si anasa. Swali ni yachemshwe kwa moto gani.

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa kununua hita ya tangi, ile ya kufungwa ukutani. Tulimpa, tena kwa vigelegele. Miezi miwili haikupita, marejesho yakaanza kusuasua, na hisa akashindwa kununua. Tukamtoza faini. Wengine tulisema maneno ambayo leo tunayaonea haya, kwamba anapenda mambo makubwa. Kumbe fedha yote ilikuwa inaishia kwenye LUKU. Sisi tulimuuliza bei ya hita tu. Gharama ya kuiendesha hatukuuliza, wala yeye hakuna aliyemwambia.

Hebu tufanye hesabu ambayo hatukuifanya siku ile. Ndoo ya lita 20 ya maji ya asubuhi, mpaka yawe ya uvuguvugu wa kuogea, hula karibu nusu uniti ya umeme. Iwe hita ya bei ghali au ya bei ya chini, ni hivyo hivyo, maana maji hayajui jina la kiwanda. Nyumba ya watu sita, kila mtu ndoo moja, ni uniti 3 kwa siku, uniti 90 kwa mwezi. Na tangi lenyewe, likiachwa limewashwa usiku na mchana, hupoteza uniti moja hivi kwa siku bila mtu kuoga. Ongeza 30. Jumla uniti 120.

Sasa kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, kodi na tozo mbali. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 50 ililipa shilingi 5,000. Ikiongeza zile 120 inafika uniti 170, nayo ni shilingi 40,750. Angalieni hapo: umeme umeongezeka mara tatu na kidogo, malipo yameongezeka mara nane. Hapo ndipo mwenzetu alipozama.

Basi turudi kwenye mkaa? Jiko la bati la kawaida huingiza ndani ya sufuria kama sehemu moja tu kati ya tano za moto wake. Nyingine huwapasha joto paka na ukuta. Ndoo moja hula karibu theluthi ya kilo, ndoo sita ni kilo mbili kwa siku. Na kilo moja ya mkaa, katika tanuri letu la udongo kule porini, imetoka kwenye kilo 6 mpaka 10 za kuni. Miyombo yetu haiwezi. Ambaye hana njia nyingine atumie jiko lenye udongo ndani, la namna ile iliyosambaa kutoka Kenya miaka ya 1980, na afunike sufuria. Mfuniko ni bure! Lakini jiko la mkaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kufukuza baridi. Hewa yake haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Tunalosema sisi ni kuanza na jua. Kipupwe chetu hakina mvua. Mwezi wa baridi ndio mwezi wa anga jeupe. Eneo la meta moja ya mraba hupokea uniti tano na zaidi kwa siku. Hata tukipoteza zaidi ya nusu kwa ufundi wetu wa nyumbani, zinabaki mbili, yaani ndoo nne. Dumu lipakwe rangi nyeusi, lilazwe kwenye sanduku lenye pumba za mpunga chini na kioo cha dirisha juu, tangu asubuhi mpaka saa kumi. Watoto na wazee waoge jioni. Ya alfajiri yafungwe blanketi kuukuu, yakipoa yaongezewe birika moja. Angalizo moja kali: dumu lililobeba dawa ya tumbaku lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Mwenye hita ndogo ya kuchovya asiitupe. Achovye ndani ya ndoo ya plastiki bila kugusa ukingo, azime na kuchomoa kwanza, ndipo atie mkono. Mtoto asikaribie.

Kamati imekubali kwamba mkopo wa hita, ya umeme au ya jua, hautatolewa mpaka mwombaji alete hesabu ya ndoo zake na risiti za LUKU za miezi mitatu. Faini ya mwenzetu imerudishwa, naye yupo hapa leo, amekaa safu ya pili.

Mkitoka nje, nyuma ya jengo kuna madumu manne yaliyowekwa juani tangu saa tatu asubuhi. Mawili yana kioo, mawili hayana. Tieni mikono.